Mnywaji anaweza kufa njaa huku ana kitambi: nilichoongea juu ya pombe na lishe

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Mi kazi yangu ni lishe, sijaja hapa kumhukumu mtu, maana najua humu ndani kuna wanaokunywa na kuna waliosindikizwa na wake zao au mama zao, na wengine wamekaa karibu kabisa na mlango ili nikianza kuhubiri watoke. Kaeni tu, sihubiri. Nataka tuongee kitu kimoja ambacho watu wanakiruka. Ukisema pombe na afya kila mtu anawaza ini. Ini lina zamu yake, tutalifikia. Ila kwa kazi yangu naona hivi, kabla ini halijachoka mtu anakuwa ameshakaa na njaa muda mrefu, njaa kabisa, na pengine ana kitambi kwahiyo hamna anayemshtukia.

Tuanze na hesabu kidogo, msiogope ni ya kuzidisha tu. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, protini nayo 4, mafuta 9. Pombe yenyewe, ule ulevi ulioko ndani ya kinywaji, gramu moja ina kalori 7. Yaani inakaribia mafuta. Sasa chukua chupa ya pombe kali ya mililita 750 yenye asilimia 40, humo ndani kuna kama gramu 237 za pombe tupu, zidisha kwa 7 unapata karibu kalori 1,660. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Kwahiyo jamaa akiimaliza ile chupa mwili unahesabu kwamba umeshapata sehemu kubwa ya nguvu za siku, hamu ya kula inapotea, na kweli atakwambia "nimeshiba". Hadanganyi. Lakini tafuta protini kwenye hizo kalori 1,660, hamna. Vitamini hamna, madini hamna, faiba hamna. Bia ina wanga kidogo na chembechembe za vitamini B, watu wa bia hupenda kunikumbusha hilo, sawa, ila ni kidogo mno na pombe iliyomo inaharibu zaidi ya inavyoleta.

Alafu kuna swali huwa linaulizwa, mbona mlevi mmoja ana kitambi na mwingine amekonda kama mti wa bendera wakati wote wanakunywa? Mwili hauna stoo ya pombe. Mafuta yana pa kuhifadhiwa, sukari inahifadhiwa kidogo kwenye ini na misuli, pombe haina pa kukaa na ni sumu, kwahiyo ikiingia ini linaacha kazi zingine zote linashughulika nayo kwanza. Chakula ulichokula na ile bia, yale mafuta ya nyama ya kukaanga, yanasubiri, na yakisubiri yanaishia tumboni na mengine yanabaki humohumo ndani ya ini. Huyo ndio wa kitambi, anakula na anakunywa. Yule wa pili ameshafika hatua ambayo pombe imechukua nafasi ya chakula, na mnywaji wa muda mrefu ini lake linafungua njia nyingine ya kuchoma pombe ambayo inapoteza nguvu nyingi kama joto tu, zile kalori hazimjengi kitu. Tumbo na utumbo vimevimba kwa ndani, anaharisha mara kwa mara, hata kile kidogo anachokula kinapita tu. Kwahiyo wote wawili wanaweza kuwa na upungufu wa vitamini zilezile. Mmoja anaonewa huruma, mwingine anaambiwa amenawiri.

Sasa hapa nataka tukae kidogo manake ndipo watu wanapopotea. Kuna vitamini inaitwa B1, au thayamini. Mwili unahifadhi kama miligramu 30 tu na mahitaji ya siku ni kama miligramu 1 na kidogo, kwahiyo ukiacha kuipata akiba inaisha ndani ya wiki chache, sio miaka. Pombe inaishambulia pande zote, mtu hali chakula hivyo haipati, utumbo unashindwa kuifyonza hata ikiwepo kwenye chakula, ini lililojaa mafuta linashindwa kuitunza, na kuifanya ifanye kazi mwili unahitaji madini ya magnesi ambayo mnywaji anaikojoa. Na ubongo unaitegemea hiyo B1 ili kutumia sukari. Ikiisha, sehemu fulani za ubongo zinaanza kufa.

Mwaka 1881 daktari wa Ujerumani, Carl Wernicke, aliandika kuhusu wagonjwa watatu waliokuwa wamechanganyikiwa, macho hayachezi vizuri, na kutembea kwao kunayumba. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu hakuwa mlevi, alikuwa fundi cherehani msichana aliyekunywa asidi akawa anatapika kila anachokula. Kipindi hicho vitamini zilikuwa hazijulikani, lakini ona, msichana ambaye shida yake sio ulevi kapata ugonjwa uleule wa walevi, kwasababu wote watatu chakula kilikuwa hakifiki mwilini. Miaka michache baadae Mrusi Sergei Korsakoff akaeleza kinachobaki ukichelewa kutibu, kumbukumbu mpya hazishiki kabisa, mtu anakumbuka ya zamani lakini ulichomwambia asubuhi hakipo, na pale penye pengo anajazia hadithi bila hata kujua anatunga. Ndugu wanasema amekuwa muongo. Sio muongo jamani, anaamini anachokisema.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwamba mtu mwenye huo ugonjwa anafanana kabisa na mtu aliyelewa. Anayumba, anaongea visivyoeleweka, macho yanacheza ovyo au yamekwama. Nyumbani wanasema mwacheni alale litaisha. Kama mtu hajanywa tangu jana na bado anayumba na kuchanganyikiwa, au kila siku anavyoamka yuko hivyo, hiyo haisubiri. Na mnapompeleka hospitali semeni wazi kabisa "huyu anakunywa sana na hali chakula", msione aibu, kwasababu akitundikiwa dripu ya sukari bila kupewa B1 ile sukari inaweza kumaliza kiasi kidogo cha B1 kilichobaki na hali ikawa mbaya zaidi. B1 ya sindano inaenda kwanza au zinaenda pamoja. Ya sindano nasema, vidonge kwa mtu aliyefikia hapo havitoshi manake utumbo haufyonzi. Ikiwahiwa macho yanaweza kurudi ndani ya masaa au siku chache, kutembea kunachukua muda zaidi, kumbukumbu ndio yenye roho ngumu, wengine hairudi tena.

Kaka pale aliuliza kama bia nyeusi inaongeza damu. Hili jambo sijui lilianzia wapi ila limesambaa. Pombe nyingi inafanya kinyume chake. Inazuia folati, vitamini moja ya kundi la B, kufyonzwa, na bila folati chembe nyekundu za damu zinatoka kubwa kupita kawaida na chache, kwenye kipimo cha damu kuna namba ya ukubwa wa hizo chembe inaitwa MCV, ikizidi 100 daktari mzoefu atakuuliza unywaji wako hata kama hujataja. Pombe pia inadumaza uboho wa mifupa moja kwa moja, pale damu inapotengenezwa, na ukiwa na vidonda vya tumbo unavuja damu taratibu bila kujua. Alafu msikimbilie vidonge vya madini ya chuma bila kupima, kwasababu pombe inaongeza ufyonzaji wa chuma na wanywaji wengine wana chuma kingi kimelundikana kwenye ini, ukiongeza unalichoma zaidi.

Hivyohivyo na vitamini A. Mnywaji akiba yake inakuwa chini, haoni vizuri usiku, na zinki nayo imepungua na zinki ndio inasaidia hiyo vitamini A kufanya kazi, vidonda haviponi, chakula hakina ladha. Utasema basi nimnunulie makopo ya vitamini. Taratibu. Vitamini A ya dozi kubwa pamoja na pombe inaumiza ini. Hii ndio sababu sipendi mtu ajitibu kwa makopo, anakunywa kidonge asubuhi na jioni anarudi kwenye mtungi anajiona yuko salama.

Magnesi, potasiamu na kalisi nazo zinapotea kwenye mkojo, ndio ile mikakamao ya misuli ya usiku na moyo kwenda mbio. Mifupa inakuwa myepesi, na mtu anayeanguka kila wiki ndio huyo mwenye mifupa myepesi. Miguu inawaka moto au kufa ganzi kuanzia vidoleni, hiyo ni mishipa ya fahamu, pombe na upungufu wa vitamini B vinashirikiana hapo.

Sukari ya damu. Naomba hii muishike hata kama mengine mtasahau. Ini ndilo linalotengeneza sukari usiku ukiwa hujala. Pombe inazuia hiyo kazi. Kwahiyo mtu aliyekunywa tangu mchana bila kula akiba yake imeisha, na ini limezuiwa kutengeneza nyingine, sukari inaweza kushuka sana usingizini. Mnamwona anakoroma mnasema kazima. Mshikeni, kama amelowa jasho la baridi, amepauka, anapumua taratibu sana au kwa kusitasita, hashtuki ukimtikisa, hiyo ni dharura. Mlazeni ubavu asije akapaliwa na matapishi na asiachwe peke yake, apelekwe. Msimlazimishe kunywa kitu kama hajitambui. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari hatari ni kubwa zaidi, na inaweza kuja hata kesho yake asubuhi.

Na kahawa, kuoga maji ya baridi, ndimu, hamna kinachoharakisha pombe kutoka mwilini. Ini la mtu wa kawaida linachoma kama gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina kama gramu 20. Kwahiyo moja tu ni masaa mawili mpaka matatu. Fanya mwenyewe hesabu ya aliyekunywa nane akalala saa saba usiku na saa moja asubuhi anashika usukani.

Kuna dada aliuliza kama ukila kwanza kabla ya kunywa ndio salama. Kula ni bora kuliko kutokula, chakula kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, kilele kinakuwa chini. Ila pombe yote itaingia tu hata kama imechelewa, na ini litaifanyia kazi yote. Chakula hakiifuti. Na kwa nyie wanawake kilele ni kikubwa zaidi kwa kiasi kilekile, mwili wa mwanamke kwa wastani una maji machache ya kuichanganya, kwahiyo kushindana glasi kwa glasi na mwanaume ni kujiumiza haraka.

Haya tufike kwenye ini maana mtaondoka mkisema sijaligusa. Ini kujaa mafuta ndio hatua ya kwanza, karibu kila mnywaji mzito anaifikia, na haina maumivu. Hii habari nzuri, ukiacha kunywa mafuta yanaondoka ndani ya wiki kadhaa. Baadae kwa baadhi ya watu linavimba, na kwa sehemu yao, takriban mtu 1 hadi 2 kati ya 10 wanaokunywa sana miaka mingi, linajaa makovu, yaani sirosisi. Hapo makovu mengi hayarudi nyuma, lakini bado kuacha kunabadilisha maisha, usikubali mtu akwambie "ndio hivyo tena endelea tu".

Kwenye sirosisi ndio naona makosa ya chakula mengi kuliko sehemu yoyote. Mgonjwa anaambiwa asile nyama, asile mayai, asile maharage, "protini inachosha ini". Ushauri huo ni wa zamani umeshaachwa. Mgonjwa wa sirosisi anahitaji protini nyingi kuliko mimi na wewe, miongozo ya saivi inasema gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, manake ini bovu linashindwa kuweka akiba ya sukari na usiku mwili unaanza kula misuli. Usiku mmoja bila kula kwake unakaribia siku mbili tatu za kufunga kwa mtu mzima wa afya. Kwahiyo ale kidogokidogo mara nyingi, na ale kitu chenye wanga na protini kabla ya kulala, hiki cha usiku ni cha muhimu kama dawa. Chumvi ndio ya kupunguza kama tumbo limejaa maji. Na mzani msiuamini, tumbo likijaa maji uzito unapanda wakati mwili unaisha. Angalieni mabega, panja, mapaja.

Hata bila sirosisi misuli inaisha, mnywaji mzito anashindwa kuinuka kwenye kiti bila kujishika. Kongosho nalo likivimba maumivu yake mtu hasahau, na likiharibika mara kwa mara linashindwa kutoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, choo kinakuwa cha mafuta kinaelea, vitamini A, D, E na K zinapotea nacho, na mwisho linaleta kisukari. Presha inapanda, moyo unatanuka unadhoofika. Kinga inashuka, nimonia na TB zinampata kirahisi. Na saratani, IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliweka vinywaji vya pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi tangu 1988, kundi hilohilo lenye tumbaku. Kinywa, koo, zoloto yaani sanduku la sauti, umio, ini, utumbo mpana, titi. Haijalishi ni waini ya bei mbaya au nini, ni pombe ileile. Januari 2023 WHO walisema wazi hamna kiwango cha unywaji kisicho na madhara kwa afya. Kwahiyo ile ya glasi moja ya waini nyekundu kwa ajili ya moyo, mi nasema kama unaipenda kunywa kwasababu unaipenda, usisingizie moyo.

Sasa kuacha. Hapa mnisikilize vizuri hasa wake na mama mliokuja na mtu. Anayekunywa kila siku kiasi kikubwa, anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, asiache ghafla nyumbani peke yake. Mtetemo na jasho huanza masaa machache baada ya glasi ya mwisho, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne kuna hali ya kuchanganyikiwa kabisa, kuona vitu, homa, moyo kwenda mbio, hiyo inaua. Msimfungie ndani mkidhani mnamsaidia. Hospitali wana dawa za kumshusha taratibu na B1 ya sindano, na baadae kuna dawa za kupunguza hamu kama naltreksoni na akamprosati, muulizieni daktari.

Kosa la pili ni furaha. Mtu hajala vizuri wiki nyingi, leo kaacha, familia nzima inampikia sahani mlima. Mwili uliozoea njaa ukipewa wanga mwingi ghafla, madini ya fosfati, potasiamu na magnesi kwenye damu yanaporomoka na moyo unaweza kusimama. Aanze na kidogo, aongezwe ndani ya siku kadhaa, na kama amekonda sana au hajala kabisa siku tano na zaidi aanzie hospitali wakimpima damu. Akishatulia ndio mnaweka nafaka zisizokobolewa, maharage na jamii yake, mayai, samaki, nyama, mboga za majani, karanga, matunda. Milo midogo mitano sita. Hamu ya kula yenyewe inarudi polepole, na wengi wanatamani sana vitu vitamu wiki za mwanzo, msigombane nae kwa hilo, kila kitu na wakati wake.

Mama wa mwisho aliyesimama aliuliza, na mume wangu hataki kuacha na hataki hospitali, nifanyeje? Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Mama, kuacha ni uamuzi wake, hiyo huwezi kuibeba. Ila sahani unaiweza. Mpe chakula kabla hajatoka, sio akirudi, akirudi hali. Kiwe na yai au maharage au samaki. Maji yawe karibu na kitanda. Kituo chochote cha afya waulize kuhusu B1, ni dawa ya kawaida, na yeye aende hata kwa kisingizio cha kupima presha, wakishamshika mkono wa presha waombe wapime na ini na damu kamili hapohapo. Panadol za hangova zifiche, ile paracetamol iliyomo ikiwa nyingi kwa mtu anayekunywa sana na hali chakula inaweza kumaliza ini kwa siku chache, asizidishe dozi bila kuongea na daktari. Na siku ukimwona anayumba na hajanywa, usisubiri ruhusa yake.